Hesabu ya Bahari Kabla ya Mafuta

Asubuhi ya Machi 18, 1967, meli ya mafuta iitwayo Torrey Canyon ilikwama juu ya miamba ya Seven Stones, kati ya visiwa vya Scilly na pwani ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ilikuwa imesheheni tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi ya Kuwait, ikielekea bandari ya Milford Haven. Serikali ya Uingereza haikuwa na mpango wowote wa kukabiliana na ajali ya ukubwa huo. Walijaribu kuivuta meli, ikavunjika; kisha wakatuma ndege za kivita kuipiga mabomu ili mafuta yaliyobaki yateketee. Wakati huohuo, baharini na ufukweni, zilimwagwa tani zipatazo 10,000 za kemikali za kutawanya mafuta. Kemikali hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya viumbe vya bahari. Zilikuwa dawa kali za kukatia grisi, za kusafishia matangi na vyumba vya injini. Askari na vibarua walizimimina juu ya mawe, wakazisukuma kwa mipira ya maji, na mawe yakatakata. Msimu wa watalii ulikuwa unakaribia, na kila aliyekuwa na madaraka alitaka kuona ufuo usio na weusi.

Huko Plymouth, watafiti wa maabara ya Chama cha Biolojia ya Bahari waliweka kando kazi zao wakaenda ufukweni kutazama. Taarifa yao, iliyohaririwa na mkurugenzi wao J. E. Smith na kuchapishwa mwaka 1968, ilisema jambo ambalo wengi hawakulitarajia: penye miamba, dawa ya kusafishia iliua viumbe wengi kuliko mafuta yenyewe. Waliokufa kwa wingi ni konokono wa mwambani, wale wenye gamba moja lililochongoka wanaolishikilia jiwe kwa nguvu na kula mwani ukiwa bado mchanga. Walipotoweka, jiwe likawa kijani kwa mwani mwembamba, kisha likafunikwa na mwani mkubwa wa rangi ya kahawia. Baada ya miaka michache konokono wadogo wakazaliwa kwa wingi kupita kiasi, wakala kila kitu, wakakosa chakula, wakafa tena. Mwamba ulipanda na kushuka namna hiyo kwa miaka 10 hadi 15 kabla ya kutulia. Lakini kulikuwa na sehemu moja, Godrevy, iliyopata mafuta na haikupata dawa, kwa sababu watu waliwaonea huruma sili waliokuwa wakiishi hapo. Godrevy ilirudia hali yake katika miaka miwili mitatu.

Tofauti hiyo ya miaka 2 na miaka 15 ndiyo iliyobadili utaratibu wa kusafisha bahari katika nchi nyingi. Inafaa kuuliza ilijulikanaje. Macho ya mtu aliyefika siku ya ajali yasingeweza kuiona, maana hakuwa na cha kulinganisha. Ilijulikana kwa sababu Alan Southward na wenzake walikuwa wakizunguka fukwe zilezile za Cornwall tangu miaka ya 1950, wakihesabu vijidudu vyenye gamba gumu vinavyoganda kwenye miamba na chini ya mashua. Hawakuwa wakiwaza mafuta. Walitaka kujua jinsi jamii za maji ya joto na jamii za maji ya baridi zinavyopokezana nafasi hali ya hewa inapobadilika. Meli ilipopasuka, daftari lililoandikwa kwa ajili ya joto na baridi likawa ushahidi wa kesi ambayo hakuna aliyeitazamia. Ninaamini kwamba historia nzima ya kupima madhara ya mafuta baharini imejengwa juu ya bahati za namna hii. Kila mahali ambapo leo tunaweza kusema kwa uhakika mafuta yalifanya nini, palikuwa na mtu aliyekwisha kuanza kuhesabu kwa sababu nyingine kabisa. Na kila mahali ambapo hakuwapo, hasara iligeuka kuwa suala la maneno, na penye maneno matupu mwenye meli hushinda.

Miaka miwili baada ya Torrey Canyon, Septemba 16, 1969, tishari lililoitwa Florida lilikwama karibu na West Falmouth, jimbo la Massachusetts, Marekani, likamwaga takriban lita 700,000 za mafuta mepesi ya aina ya dizeli. Kwa kipimo cha meli kubwa, hicho ni kiasi kidogo sana. Lakini kilomita chache kutoka hapo kuna taasisi ya bahari ya Woods Hole, na humo alikuwamo Howard Sanders, ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa akichota tope la ghuba ileile ya Buzzards Bay na kuhesabu minyoo, kaa na kome waliomo. Mwenzake Max Blumer alikuwa mkemia mwenye chombo kipya kwa wakati ule, kromatografia ya gesi, kinachoyatenganisha mafuta katika sehemu zake mpaka kila mafuta yanaonyesha alama zake, kiasi kwamba mtu anaweza kusema haya yalitoka katika tishari lile wala si kwenye injini ya boti inayopita. Blumer alionyesha kwamba harufu ilipokwisha kupotea na maji yalipokwisha kung'aa, mafuta yalikuwa bado ndani ya tope, na sehemu zake zenye sumu zilikuwa bado hai. Wenye viwanda walibisha. Walisema mafuta mepesi huruka na upepo, na bahari hujisafisha yenyewe.

Ubishi huo ulijibiwa polepole na kaa. Katika kinamasi cha Wild Harbor, kilichopata mafuta mengi kuliko sehemu nyingine, wanaishi kaa wadogo ambao dume wao ana gando moja kubwa kupita kiasi. Huchimba mashimo marefu ya kwenda chini, na humo ndimo wanamojificha baridi na ndege. Takriban miaka 40 baada ya ajali, watafiti wa Woods Hole walikwenda kuyatazama mashimo hayo. Wakagundua kwamba kaa wa Wild Harbor huchimba sentimita chache tu, kisha wakifika kwenye tabaka lenye mafuta hukoma au hugeuza shimo likaenda upande. Walikula kidogo kuliko kaa wa kinamasi safi cha jirani, na walichelewa kukimbia walipotishwa. Juu ya tope, majani yalikuwa mabichi, ndege walikuwapo, na mgeni angesema mahali pamepona. Jambo hili linanigusa kila nikilifikiria, kwamba kiumbe kidogo kiasi kile kilikuwa kimehifadhi katika umbo la nyumba yake habari ambayo binadamu walikwisha kuisahau. Hata hivyo kaa hao wasingetueleza chochote kama kusingekuwa na kinamasi cha pili cha kulinganisha, na kama sampuli za mwaka 1969 zisingetunzwa.

Suala la kuhesabu likafika mahakamani. Mwaka 1973 meli ya mafuta Zoe Colocotroni ilipanda mwamba kusini-magharibi mwa Puerto Rico, na nahodha, ili meli ipate wepesi na kuelea, akaamuru mafuta yamwagwe baharini, zaidi ya lita milioni 5. Upepo uliyapeleka katika mikoko ya Bahía Sucia. Serikali ya Puerto Rico ilishtaki. Katika hukumu ya mwaka 1978 jaji alikubali hesabu kwamba viumbe milioni 92 wa majini waliuawa katika tope la mikoko, na akawapa bei ya senti 6 kila mmoja, bei ya chini katika orodha za maduka yanayouzia maabara vielelezo vya wanyama. Jumla ikawa zaidi ya dola milioni 5.5. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa huko Boston iliitengua hesabu hiyo. Majaji walisema hakuna mtu mwenye akili atakayenunua minyoo na konokono milioni 92 dukani aende kuwamwaga kwenye tope lenye mafuta, ambamo watakufa vilevile. Fidia inayofaa ni gharama ya busara ya kurudisha mahali katika hali yake. Lakini mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba serikali ina haki ya kudai kwa niaba ya mikoko na viumbe visivyouzwa sokoni. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, ingawa ulitiwa doa na namna ya kupanga bei.

Mwaka huohuo wa 1980, London, mfuko wa kimataifa wa fidia ya uchafuzi wa mafuta ulipitisha azimio linalofanana na hukumu ya Boston. Chanzo chake kilikuwa meli ya Kisovieti Antonio Gramsci, iliyokwama mwaka 1979 karibu na Ventspils katika Bahari ya Baltiki. Serikali ya Kisovieti ilidai fidia kwa kanuni ya hesabu: chukua kiasi cha mafuta, kadiria ujazo wa maji yaliyochafuliwa, zidisha kwa bei. Nchi wanachama walikataa, wakasema fidia haitatolewa kwa hesabu za kinadharia zinazotokana na modeli. Tangu hapo, katika mikataba ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, mazingira hulipwa kwa njia moja tu: gharama za hatua za busara za kurudisha hali, zilizochukuliwa kweli au zitakazochukuliwa. Mvuvi naye hulipwa kipato alichopoteza, akithibitisha kwamba alikuwa nacho. Msimamo huo unaweza kuonekana mkali, na mimi nauona ni mkali kwa nchi maskini, lakini maana yake kwa hoja hii iko wazi. Asiyejua mahali palikuwaje hawezi kueleza pa kuparudisha ni wapi. Kanuni za kwenye karatasi haziwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu zilikwisha kukataliwa miaka zaidi ya 40 iliyopita.

Ushahidi ulio karibu zaidi na bahari yetu, kwa tabia ya maji na miti, unatoka Panama. Aprili 27, 1986, tangi la kiwanda cha kusafisha mafuta lilipasuka huko Bahía Las Minas, upande wa Karibi, na zaidi ya lita milioni 8 za mafuta ghafi zikaingia baharini. Hapo jirani, Galeta, taasisi ya Smithsonian ilikuwa na kituo cha utafiti, na kwa miaka mingi watu wake walikuwa wakipima matumbawe, nyasi za bahari, na viumbe wanaoganda kwenye mizizi ya mikoko. Kabla ya hapo vitabu vilisema matumbawe yaliyo chini ya maji hayadhuriki, kwa kuwa mafuta huelea na kupita juu. Jeremy Jackson na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1989, na vitabu vikalazimika kubadilishwa: matumbawe ya chini ya maji yalikuwa yamekufa, si yale tu yanayoachwa wazi maji yakipwa. Mikoko ilikauka ukanda mzima wa mbele. Miti ilipooza, mizizi yake ikaachia tope, na tope likaachia mafuta yaliyokuwa yamenyonywa humo. Kila mvua kubwa na kila wimbi zito lilianzisha uchafuzi mpya, kwa miaka isiyopungua mitano. Mtu ambaye angefika mwaka wa sita bila rekodi za nyuma angekuta miche michanga na maji safi, na pengine angeandika kwamba madhara yalikuwa ya muda.

Sasa nije kwenye pingamizi kubwa zaidi, ambalo lilipata nguvu zake zote baada ya meli ya mafuta Exxon Valdez kukwama Machi 24, 1989, huko Prince William Sound, Alaska, na kumwaga mafuta yapatayo tani 37,000. Wanasayansi wa kampuni yenye meli walisema bahari haisimami mahali pamoja. Samaki hupungua na kuongezeka, majira ya baridi kali huua ndege, kwa hiyo "hali ya awali" ni ndoto, na kulinganisha baada na kabla ni kulinganisha vitu viwili ambavyo vingetofautiana hata pasipo ajali. Pingamizi hili si la kupuuzwa. Alan Mearns, mwanasayansi wa shirika la bahari na anga la Marekani, alianza mwaka 1990 kulipiga picha jiwe moja katika ghuba ya Snug Harbor, kila kiangazi, jiwe lilelile na kutoka pembe ileile. Miaka mingine limevikwa mwani wote. Miaka mingine mwani umetoweka, limejaa kome. Miaka mingine liko karibu tupu. Mabadiliko hayo yameendelea muda mrefu baada ya mafuta kuondoka juu ya jiwe. Aliyepiga picha mbili tu, moja kabla na moja baada, angeweza kuthibitisha lolote alilolitaka.

Lakini tazama pingamizi hilo linatuelekeza wapi. Kama bahari hubadilika yenyewe, basi dawa ni miaka mingi ya kuhesabu badala ya mwaka mmoja, na sehemu nyingi badala ya moja, ili kubadilika kwake kwa kawaida kujulikane na yanayozidi kawaida yaonekane. Ndivyo Plymouth walivyofanya kwa kuilinganisha Godrevy na fukwe zilizomwagiwa dawa, na ndivyo Woods Hole walivyofanya kwa vinamasi viwili. Huko Alaska penyewe, kutokuwepo kwa rekodi ndefu kulifanya baadhi ya maswali yasijibike hadi leo. Heringi waliporomoka mwaka 1993, na wataalamu bado wanabishana kama mafuta yalichangia. Ndege wafu zaidi ya 30,000 waliokotwa. Watafiti waliachia baharini mizoga yenye alama waone ni mingapi itakayofika ufukweni, na kutokana na majaribio hayo wakakadiria kwamba waliokufa walikuwa karibu 250,000. Kati ya namba hizo mbili kuna nafasi pana ya mawakili kucheza. Palipochimbwa kwa mikono, hata hivyo, ubishi ulikwisha. Mwaka 2001 kikosi cha Jeffrey Short kilichimba karibu mashimo 9,000 katika fukwe 91 zilizochaguliwa kwa kubahatisha kitakwimu, na kukuta mafuta chini ya mawe, mahali pengine yakiwa bado laini, miaka 12 baada ya ajali. Fisi-maji wa baharini, wanaochimba mawe hayohayo kutafuta chaza, ilibidi wangoje zaidi ya miaka 20 kabla ya idadi yao kutangazwa kuwa imerudi kama zamani.

Pingamizi la pili linatoka kwetu, na lina uchungu wake. Nchi yenye hospitali zisizo na vitanda itatumia vipi fedha kuhesabu konokono? Kama kuna fedha, si bora kununua maboya ya kuzuilia mafuta, boti na pampu? Nalielewa swali hilo, lakini naona limeipanga gharama vibaya. Vifaa bila ujuzi wa mahali ndivyo vilivyoiua miamba ya Cornwall. Mwaka 1978, meli ya mafuta Amoco Cadiz ilipomwaga tani zipatazo 223,000 kwenye pwani ya Brittany, Ufaransa, kinamasi cha Île Grande kilisafishwa kwa mashine nzito zilizokomba tope pamoja na mizizi. Vinamasi vilivyoachwa bila mashine vilirudia hali yake mapema zaidi. Mashine zile zilikuwa ghali kuliko daftari lolote. Kuhesabu viumbe wa mwambani kunahitaji fremu ya mraba ya waya au mbao, kamba yenye alama, penseli isiyofutika majini, na mtu anayeijua pwani yake na atakayerudi palepale bamvua baada ya bamvua. Gharama halisi ni uvumilivu wa taasisi, yaani kumlipa mtu huyo mwaka wa kumi kama alivyolipwa mwaka wa kwanza, ingawa katikati hapakutokea lolote.

Wengine watasema pwani ya Afrika Mashariki haina historia ya maafa haya. Inayo, ila haikuandikwa vya kutosha. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika hori ya Makupa, Mombasa, kiasi kinachotajwa kuwa tani 5,000, na mikoko ikafa. Aprili 2005, meli ya Ratna Shalini ilivujisha mafuta ghafi katika bandari hiyohiyo, yakaingia mikoko ya hori ya Port Reitz. Watafiti wa Kenya wamerudi katika mikoko hiyo na kueleza jinsi miche inavyoshindwa kushika pale tope linapobaki na mafuta. Lakini swali rahisi la mvuvi, kwamba kamba na kaa wangapi walikuwa wakipatikana hapa kabla, halina kitabu cha kulijibu. Wala asifikirie mtu kwamba hatari iko kwa meli za mafuta peke yake. Wakashio, iliyokwama Julai 25, 2020 kusini-mashariki mwa Mauritius, ilikuwa meli ya shehena ya kawaida, na haikuwa na shehena. Takriban tani 1,000 zilizoingia kwenye matumbawe na mikoko ya kisiwa hicho zilikuwa mafuta ya injini zake mwenyewe. Meli za aina hiyo hupita mbele ya Pemba na Mafia kila siku.

Si kweli pia kwamba kuhesabu ni mila ya kigeni kwetu. Biashara ya miti ya mikoko, kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Oman na Ghuba, ilikuwa biashara ya hesabu. Mti ulipangwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na uliuzwa kwa korija, yaani miti 20. Idara za misitu zilitoa leseni na kutoza ushuru kwa korija hizo tangu enzi za wakoloni, na Kenya iliposimamisha usafirishaji wa miti hiyo nje mwaka 1982, nyuma kulikuwa na makaratasi ya miongo mingi. Ni kweli kwamba daftari hizo zilihesabu kilichokatwa wala si kilichosimama. Hata hivyo msitu uliokuwa ukitoa boriti nyingi kisha ukawa unatoa fito tupu umesema jambo kuhusu umri wa miti yake, na mtafiti makini anaweza kulisoma. Pengo kubwa liko kwingine, kwa wanawake wanaotembea kwenye miamba maji yakipwa, wakiokota chaza na kome au wakimtoa pweza shimoni kwa kijiti. Karani wa samaki huhesabu kinachoteremshwa mashuani. Anayetembea kwa miguu na kurudi na kikapu mara nyingi hamhesabu. Siku mafuta yatakapofika, yatafika kwanza kwenye mwamba anaoutembea yeye, na ndiye ambaye hatakuwa na karatasi ya kuonyesha alikuwa akipata nini. Mfuko wa fidia unakubali kwamba wavuvi wadogo hawana stakabadhi, na una utaratibu wa kuwafikiria, lakini utaratibu huo huanza kwa kuuliza takwimu za jumla za mahali. Zisipokuwepo, hukadiriwa, na makadirio humfaa zaidi yule mwenye mawakili wengi.

Yote haya yana haraka yake Tanga. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia rasi ya Chongoleani, ambako mafuta ghafi yatawekwa matangini na kupakiwa melini. Ni mafuta yenye nta nyingi, ndiyo maana bomba linapashwa moto njia nzima, yakipoa huganda. Tabia yake katika maji ya joto, juu ya mizizi ya kupumulia ya mchu na kwenye tope la mkandaa, haiwezi kubuniwa kutokana na mafuta ya Kuwait yaliyomwagika Cornwall. Itajibiwa kwamba tathmini ya athari za mazingira ilikwisha kufanywa kabla ya ujenzi, kama sheria inavyotaka, na bahari ya Chongoleani ilipimwa. Sawa. Lakini tathmini ya namna hiyo hupima msimu mmoja au miwili ili kibali kitolewe, na tumeona jiwe la Snug Harbor linasema nini kuhusu picha mbili. Kati ya kusi na kaskazi maji ya Tanga hubadili mwendo wake, samaki hubadili mahali, na mwani hupanda na kushuka. Miaka mitano ya hesabu ndiyo mwanzo wa kuijua kawaida hiyo, na kumi ni bora. Zinahitajika sehemu zilizo karibu na gati, na sehemu nyingine mbali, kaskazini na kusini, zitakazobaki safi iwapo gati litachafuka. Zinahitajika chupa za mafuta yenyewe ya Hoima zilizotiwa lakiri, ili alama zake zijulikane, maana bila hizo mwenye meli inayopita atasema yanatoka bombani na mwenye bomba atasema yanatoka melini.

Na inahitajika kuamuliwa mapema daftari hizo zitakaa wapi. Baada ya Exxon Valdez, serikali na kampuni kila mmoja alikuwa na wanasayansi wake, na kwa kuwa pande zote zilijiandaa kwa kesi, matokeo yalifichwa na mawakili mpaka mapatano ya dola milioni 900 yalipofikiwa mwaka 1991. Katika miaka ile miwili, watu wa vijiji vya ghuba ile waliokuwa wakiuliza kama kome na samaki wao wanalika hawakuweza kusoma yote yaliyokuwa yamepatikana na pande zinazoshitakiana. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar imekuwapo tangu mwaka 1978, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina watu wanaoijua pwani. Mojawapo ikabidhiwe hesabu za Tanga kwa sheria, zilipiwe na ushuru wa kila pipa linalopakiwa, na nakala yake ibaki kila mwaka katika ofisi za vijiji vinavyozunguka rasi, kwa Kiswahili, ili anayekwenda kudai asilazimike kuomba ruhusa ya kusoma ushahidi wake kwa yule anayemdai.